Sura ya Sita: Ngozi Hujikata kwa Kipimo

Mvua za Njombe hukoma kati ya Aprili na Mei, na kufikia Juni baridi huwa imeshaingia hadi chumbani. Mji wenyewe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Makambako, kilomita kama 60 kuelekea kaskazini, uko chini kidogo, lakini upepo wake ni mkali kiasi cha kuwavutia wawekezaji kupanga mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Katika miezi hiyo, kuanzia kata ya Ramadhani pale Njombe mjini hadi stendi ya Makambako, watu huona mambo yaleyale miilini mwao: miguu inapauka, visigino vinapasuka magaga, mikono ya wafua nguo inakakamaa, watoto wenye pumu ya ngozi wanajikuna usiku kucha, na kichwani mba inazidi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba baridi inakula ngozi, au damu ni chafu, au mafuta ya kujipaka ni hafifu. Hoja ya sura hii ni nyingine. Sehemu kubwa ya mambo hayo hutokana na kazi ambayo ngozi inajifanyia yenyewe usiku na mchana, nayo ni kukata protini zake. Afya ya ngozi na ya nywele hutegemea kazi hiyo ifanyike mahali pake, kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Ikizidi tunaumia, na ikipungua tunaumia vilevile. Katika nyanda za juu kusini, vitu viwili huivuruga kila siku: ukavu wa hewa na sabuni kali.

Kukata protini ni jambo ambalo kila mpishi analijua hata kama hakulisomea. Anayepaka utomvu wa papai bichi kwenye nyama ya ng'ombe mzee kabla ya kuichoma anatumia kimeng'enya kinachozikata nyuzi za protini mpaka nyama inalainika. Akiiacha nyama hiyo katika papai kupita kiasi, inageuka uji. Vimeng'enya vya jamaa hiyo huitwa proteasi, na mwili wa binadamu una jeni zaidi ya 500 za kuvitengeneza. Vingine humeng'enya chakula tumboni, vingine hugandisha damu kidonda kinapotoka, vingine huzivunja protini zilizochakaa ndani ya seli. Vyote vina tabia moja inayovifanya kuwa vya hatari: kilichokwisha kukatwa hakiungiki tena. Ndiyo maana mwili hauviachi huru. Vingi huzaliwa vikiwa vimefungwa, huamshwa na kimeng'enya kingine saa ya kazi ikifika, kisha hukamatwa na vizuizi ambavyo navyo ni protini. Mtu akiuliza kwa nini ngozi fulani inaugua, haitoshi kumwambia kuna proteasi nyingi au chache. Inabidi aulize pia kizuizi kiko wapi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na seli bapa zilizokwisha kufa, zilizojaa keratini, zikiwa zimezungukwa na mafuta na kushikamanishwa na vifungo vidogo vya protini. Seli mpya zinazaliwa chini, zinapanda, zinakufa, na baada ya wiki nne hivi zinadondoka bila kuonekana. Ili zidondoke, vile vifungo lazima vikatwe. Mtu aliyeonyesha ni nini hasa kinachovikata ni Torbjörn Egelrud, daktari wa ngozi wa Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi wenye baridi isiyolinganishwa hata na ya Njombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alichukua vipande vya ngozi nene ya unyayo, akaviweka katika maji yenye chumvi maalumu, akaona seli zinaachana zenyewe bila kuguswa. Alipoweka dawa ya kuzuia proteasi za aina fulani, seli zikabaki zimeshikana. Kimeng'enya alichokipata ndani ya unyayo ule leo kinaitwa kalikreini ya 7, na hakiko peke yake. Kalikreini ya 5 hukiamsha, na huiamsha ya 14 pia, na kwa pamoja huvikata vifungo vya seli polepole tangu ndani kuelekea juu. Kisigino kinachopasuka na uso unaong'aa vinategemea mkasi huohuo wa vimeng'enya.

Juu ya kizuizi cha mkasi huo, somo kubwa kabisa lilitoka kwenye ugonjwa adimu. Mnamo 1949 daktari wa Italia, Comèl, alieleza ugonjwa wa ngozi nyekundu inayobambuka, na mwaka 1958 Mmarekani Earl Netherton akaongeza dalili ya ajabu: nywele za mgonjwa zilikuwa na vifundo kama vya mwanzi, zikikatika kwenye kila kifundo. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo hupoteza maji mengi kupitia ngozi, hupata maambukizi, na wengi wana mzio mkali. Mwaka 2000 kundi lililoongozwa na Alain Hovnanian liligundua kwamba jeni iliyoharibika, SPINK5, hutengeneza protini iitwayo LEKTI, ambayo kazi yake ni kuzizuia proteasi. Hapo picha ikawa wazi. Watoto hawa hawakuzaliwa na mkasi wa ziada, bali walizaliwa bila kizuizi, na ngozi inavikata vifungo vyake mapema mno, ikiwa bado chini. Utafiti wa panya uliotoka mwaka 2009 ukaongeza jambo ambalo nadhani ndilo zito zaidi kwa mtu wa kawaida mwenye ngozi inayowasha. Kalikreini ya 5 isipozuiwa hugusa kipokezi kilicho juu ya seli hai za ngozi, na seli hizo hutoa ishara inayoita kinga ya mwili kwa njia ileile ya mzio. Ina maana kwamba muwasho na wekundu vinaweza kuanza ndani ya ngozi yenyewe, kabla vumbi au chakula chochote hakijalaumiwa.

Kizuizi hicho kinajua lini kiachie? Jibu ni uchachu. Mwaka 1928 Wajerumani Schade na Marchionini walieleza kwamba uso wa ngozi ya binadamu una tindikali kidogo. Vipimo vya baadaye vya ngozi isiyooshwa kwa muda vinaonyesha pH ya kama 4.7 kwa wastani, ilhali chini, kwenye seli hai, pH inakaribia 7. Kwa hiyo seli inayopanda husafiri kutoka mahali pasipo na uchachu kwenda mahali penye uchachu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba vipande vya LEKTI hushika kalikreini kwa nguvu pH ikiwa karibu na 7, na hulegeza mshiko pH inaposhuka. Palepale, kalikreini zenyewe hufanya kazi kwa kasi zaidi pasipo na uchachu, na kwenye uchachu wa juu hubaki na nguvu kidogo tu. Mpangilio huu unastahili kutafakariwa kidogo. Chini mkasi ni mkali lakini umeshikwa. Juu umeachiwa lakini ni butu. Ndiyo sababu mtu mwenye afya hupukutisha seli nyingi mno kila siku na hakuna anayeona.

Sasa ingiza sabuni. Sabuni ya mche inayotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda ina pH ya 9 hadi 10 na zaidi, na haiwezi kuwa chini ya hapo ikabaki sabuni. Inapopakwa mwilini huondoa uchafu na sehemu ya mafuta ya ngozi, na hupandisha pH ya juu kwa saa kadhaa kabla ngozi haijajirudisha. Mwenye kufuatilia hoja kwa makini anaweza kuuliza: kama pH ikipanda LEKTI hushika zaidi, si sabuni ingeongeza kizuizi? Swali ni zuri, na jibu lilitoka maabara ya San Francisco, kwa Jean-Pierre Hachem, Peter Elias na wenzao, kati ya 2003 na 2005. Waliipandisha pH ya ngozi ya panya kwa kemikali isiyoharibu kitu kingine, na wakaona nguvu ya proteasi inaongezeka, vifungo vya seli vinakatwa, na ngozi inavujisha maji. Walipoongeza dawa ya kuzuia proteasi, madhara yalipungua ingawa pH ilikuwa bado juu. Katika tabaka la juu, basi, kizuizi kilichobaki hakitoshi kuudhibiti mkasi ulionolewa ghafla. Kuna hasara ya pili pia: proteasi hizo zilivikata pia vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kinga yaliyo kati ya seli. Mtu anayejisugua kwa sabuni ya kufulia na dodoki asubuhi na jioni, halafu akashangaa mafuta ya kujipaka hayadumu, anapoteza mafuta anayojitengenezea mwenyewe, tena mengi kuliko yale anayonunua.

Huo ni upande wa mkasi kuzidi. Kiangazi cha Njombe kinaleta upande wa kupungua, na hapa ndipo maelezo ya mitaani yanapokosea zaidi, kwa kuwa watu hudhani ngozi iliyopauka ni ngozi inayoliwa. Proteasi hufanya kazi ndani ya maji. Hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, tabaka la juu hupoteza maji mpaka vimeng'enya vya pale juu vinakwama. Vifungo havikatwi, seli zilizopaswa kudondoka moja moja hung'ang'ania na kujikusanya, na tunaona ule weupe wa majivu kwenye miguu na magamba kwenye muundi. Kisigino, ambacho ni kinene tangu mwanzo, hujenga gome gumu lisiloweza kujikunja, na uzito wa mwili unapolikanyaga linapasuka. Mwaka 1994 Anthony Rawlings na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti wa vipodozi walichunguza ngozi za watu zilizokaushwa na baridi na sabuni, wakakuta vifungo vya juu vimebaki vizima mahali ambapo vingekuwa vimekwisha kukatwa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba glisarini, kwa kushika maji, huwezesha ukataji huo uendelee hata hewa ikiwa kavu. Glisarini ile ya chupa ndogo inayouzwa dukani kwa bei nafuu, ikichanganywa na maji na kupakwa mara tu baada ya kuoga, kisha ikafunikwa na mafuta ya mgando, ina sababu ya kisayansi yenye nguvu kuliko krimu nyingi za bei kubwa. Kuoga maji ya moto mno na kuota moto wa kuni miguu ikiwa karibu na mafiga hukausha upya kile kilicholowa.

Kwa hiyo ngozi moja, siku moja, inaweza kuwa na proteasi zilizozidi na zilizokwama. Hapa hakuna kupingana, kwani ni suala la kina. Juu, palipokauka, ukataji umesimama. Chini kidogo, palipoguswa na sabuni na kukwaruzwa kwa kucha, ukataji umekwenda kasi na kinga imeshaitwa. Anayetumia jiwe na sabuni kuondoa magamba anatibu la juu kwa kulizidisha la chini.

Nywele haziko nje ya hesabu hii. Kinyweleo ni ngozi iliyozama, na kila unywele huota ukiwa umevikwa ala ya ndani ambayo lazima ivunjwe kabla unywele haujafika juu. Proteasi hushiriki katika kuivunja. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walizalisha panya wasio na proteasi iitwayo matriptasi. Panya hao walikufa ndani ya siku mbili baada ya kuzaliwa kwa kupoteza maji, na vinyweleo vyao havikukua ipasavyo. Miaka mitano baadaye ilionekana familia ya binadamu yenye jeni hiyo iliyoharibika. Ngozi yao ilikuwa ya magamba, na nywele zao chache na zilizopinda. Panya wanaokosa kathepsini L, proteasi nyingine, hupoteza manyoya kwa vipindi kwa sababu mzunguko wa kuota na kupumzika umevurugika. Na ipo protini moja ya vifungo vya seli, korneodesmosini, ambayo kalikreini huikata kila siku. Aina moja ya hitilafu ya jeni yake huleta ngozi inayobambuka, na aina nyingine huwaacha watu na upara wa kichwani tangu utotoni, uliobainishwa mwaka 2003. Vifundo katika nywele za wagonjwa wa Netherton si jambo la pembeni kwa ugonjwa wao, maana kasoro ni moja na inaonekana sehemu mbili.

Lakini uaminifu unatudai tusiubebeshe mkasi huu lawama zisizo zake. Nywele zinazotoka kwenye paji la uso na juu ya masikio kwa wasichana waliosukwa rasta za kubana hutokana na kuvutwa, na dawa yake ni kuacha kuvuta. Mapunye ya watoto wa shule ni fangasi, ingawa hapo proteasi zinarudi kwa mlango mwingine, kwani ni za fangasi mwenyewe. Hutoa kwanza salfaiti ya kulegeza keratini, kisha hutoa proteasi zake kuimeng'enya, na unywele hukatika kwenye shina. Kwa sababu fangasi yumo ndani ya kinyweleo, krimu ya kupaka haitoshi. Hospitali hutoa vidonge, na griseofulvini imetumika kwa kazi hiyo kwa miongo mingi. Ugonjwa wa upara unaoanzia utosini na kusambaa, unaowapata zaidi wanawake weusi, ni mgumu zaidi kueleza. Mwaka 2018 uchunguzi wa vipande vya ngozi za kichwa ulionyesha kwamba jeni za proteasi zinazokata nyama ya kuunganisha zimepanda pamoja na jeni za makovu. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni inayoiandaa protini ya ala ya unywele. Dawa za kulainisha nywele zenye kostiki, zenye pH ya 12 na kuendelea, hazijathibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Hata hivyo kinyweleo chenye udhaifu wa kuzaliwa hakina sababu ya kutiwa alkali ya nguvu hiyo, na anayeona utosi wake unauma au unang'aa asisubiri.

Njombe ina sababu nyingine ya kulijua neno proteasi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa huu na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Miongoni mwa dawa za kufubaza virusi zimo zinazoitwa vizuizi vya proteasi, kama lopinaviri na atazanaviri, ambazo leo nchini hutumika hasa kwa wale ambao dawa za mstari wa kwanza hazikuwafaa. Proteasi inayozuiwa hapo ni ya kirusi, ya ukoo tofauti kabisa na kalikreini, kwa hiyo si kweli kwamba dawa hizi hufunga mkasi wa ngozi. Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliotumia indinaviri, dawa ya zamani ya kundi hilo, walipata ngozi kavu, nywele kudondoka na kucha za miguu kuzama nyamani, na dhana iliyokubalika zaidi ni kwamba dawa iligusa njia ya vitamini A mwilini. Mwaka 2007 ikaonyeshwa pia kwamba baadhi ya dawa hizi huzuia proteasi moja ya binadamu, ZMPSTE24, ambayo mtoto akizaliwa bila hiyo kabisa ngozi yake hukazana kiasi cha kumnyima pumzi. Hilo linafundisha kwamba ni vigumu kuigusa proteasi moja bila kuamsha swali juu ya nyingine. Halifundishi kuacha dawa. Muwasho na vipele vya mtu anayeishi na VVU mara nyingi zaidi hutokana na kinga iliyoshuka, na dawa ndiyo inayoirudisha kinga. Anayeona mabadiliko ya ngozi au nywele ayapeleke kliniki pamoja na kadi yake, aendelee kumeza.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu linatoka kwa wanajenetiki. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba hitilafu za jeni ya filagrini, protini ya tabaka la juu la ngozi, ndizo kisababishi kikubwa cha kurithi cha pumu ya ngozi huko Ulaya. Kwa nini basi kuhangaika na sabuni? Kwa sababu Afrika Mashariki si Ulaya. Wagonjwa wa Ethiopia walipopimwa, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, hitilafu hizo hazikuonekana isipokuwa kwa nadra mno, na Afrika Kusini matokeo kwa Wakhosa yalikuwa ya namna hiyohiyo. Watoto wetu wanaugua bila ya kasoro hiyo, kwa hiyo njia nyingine lazima zitafutwe. Sitadai kwamba jeni za proteasi ndizo jibu. Uhusiano wa jeni ya kalikreini ya 7 na pumu ya ngozi ulioripotiwa Uingereza mwaka 2004 haukuthibitika katika chunguzi kadhaa zilizofuata. Ninachodai ni chepesi zaidi na kina ushahidi zaidi: kizuizi kinaweza kushindwa hata jeni zikiwa nzima, kwa kuondolewa uchachu na maji.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu linatokana na majaribio kwa watu. Jaribio moja la Uingereza liliwahusisha watoto 336 wenye pumu ya ngozi, karibu nusu yao wakifungiwa mitambo ya kulainisha maji ya nyumbani, na matokeo ya 2011 hayakuonyesha nafuu ya ziada. Jaribio jingine la nchi hiyohiyo, lililotoka mwaka 2020, liliwahusisha watoto wachanga 1,394, karibu nusu yao wakipakwa mafuta kila siku kwa mwaka mzima. Walipofikisha miaka miwili, asilimia 23 ya waliopakwa walikuwa na pumu ya ngozi, na asilimia 25 ya wasiopakwa, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Majaribio haya yanatuzuia kuahidi kinga. Hakuna aliyeonyesha kwamba kubadili sabuni kutamkinga mtoto asizaliwe na ugonjwa au asiupate. Lakini kulainisha maji hakukuondoa alkali ya sabuni, na kumpaka mafuta mtoto mwenye ngozi nzima katika nyumba za Uingereza si sawa na kumhudumia mwenye ngozi iliyokwisha kupasuka. Kwa watoto njiti wa Dhaka, ambao ngozi yao haijakomaa, kupakwa mafuta ya alizeti kulipunguza maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41, kwa matokeo ya 2005. Aina ya mafuta nayo ni muhimu: utafiti wa Sheffield wa 2013 uliona mafuta ya zeituni yanadhoofisha ngozi ya watu wazima, na ya alizeti hayafanyi hivyo.

Pingamizi la tatu ni la afisa afya, na ni la haki. Sabuni imeokoa watu wengi kuliko krimu zote. Kipindupindu hakiogopi pH ya ngozi, na mikono iliyotoka chooni au iliyombadilisha mtoto nepi ioshwe kwa sabuni yoyote iliyopo, hata ya unga. Tofauti iliyopo ni kati ya mikono na mwili mzima. Kwapa, sehemu za siri na miguu vinahitaji sabuni. Mgongo, mikono ya juu na mapaja ya mtu asiyetoka shambani au gereji havihitaji kusuguliwa kila siku ya Julai. Kwa mtoto mchanga ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuchelewesha kumwogesha kwa saa 24, na baadaye maji ya uvuguvugu yanatosha siku nyingi, kwa kuwa ngozi yake huzaliwa ikiwa karibu na pH ya 7 na inahitaji siku na wiki kujijengea uchachu. Kuhusu sabuni ya unga, baadhi ina proteasi za bakteria za kuondolea madoa ya damu na jasho. Kwa mikono ya mfuaji, hata hivyo, madhara makubwa zaidi yanatokana na alkali na kemikali za povu kuliko vimeng'enya hivyo. Glavu za mpira humlinda kwa yote mawili.

Wapo watakaosoma habari za uchachu wakakimbilia limau au siki. Wasifanye hivyo. Maji ya limau juani huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi, na jaribio dogo la Marekani la 2019 la kulowesha mkono katika siki iliyochanganywa na maji halikuimarisha ngozi, bali liliwawasha wengi. Ngozi hujitengenezea uchachu wake ikiachiwa nafasi. Wala mkorogo na krimu za steroidi zinazouzwa kiholela si njia ya mkato. Steroidi huzima mwako, na mikononi mwa daktari ni dawa nzuri ya pumu ya ngozi, lakini ikipakwa miezi na miezi hulikondesha lile tabaka tunalojaribu kulilinda. Na kabla ya yote, muwasho wa usiku uliowapata watu kadhaa wa nyumba moja, wenye vipele kati ya vidole, ni upele mpaka ithibitike vinginevyo, na unatibiwa nyumba nzima kwa siku moja. Kliniki za ngozi si nyingi, ingawa kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kule Moshi kimekuwa kikiwafundisha matabibu wetu tangu 1992, na wengi wao wamerudi mikoani.

Liko jambo moja ambalo mnunuzi wa Ramadhani au Makambako hawezi kulifanya peke yake hata akikubaliana na kila neno la hoja hii. Anaposimama mbele ya rafu, kipande chenye pH ya 10 na kile kilichotengenezwa kwa pH ya 5.5 vinafanana, na maneno "laini" na "ya mtoto" yameandikwa kwenye vyote viwili. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Kupima pH ya sabuni ni kazi ya dakika chache kwa kifaa kilichopo katika maabara yoyote ya shule ya sekondari iliyokamilika. Shirika liwatake watengenezaji na waagizaji, wakubwa kwa wadogo, waiandike namba hiyo kwenye karatasi ya sabuni, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, ili mzazi mwenye mtoto anayejikuna ajue ananunua nini.